Fingo la Migomba ya Mkono wa Tembo

Mimi ni mtu wa kushuku, na leo nitakueleza nilikoyapata maradhi hayo. Juzi nilipata likizo fupi kazini Diani, nikarudi kwetu Msambweni kuifagia nyumba ya marehemu bibi. Nikawakuta mafundi wamekaa kwenye kivuli cha lori la mchanga, majembe wameyatupa. Shamba la jirani limeuzwa, linajengwa nyumba za wageni, nao walikuwa wakichimba msingi mpakani mwetu. Walikuwa wamefukua chupa ya soda ya zamani, shingoni imefungwa kitambaa kilichokuwa chekundu enzi zake. Vijana wa bara wale, wenye mabega ya kubebea saruji, hawakutaka hata kuitazama.

"Dada, hiyo kitu siwezi shika," mmoja akaniambia. "Sisi tulikuja kuchimba msingi tu. Mwenyewe aitwe."

Sikuhitaji kuelezwa. Lilikuwa fingo la jirani, ile dawa ya kufukiwa inayolinda shamba, nami nililiogopa tangu sijang'oa meno ya utoto. Kijana akatumwa kumwita jirani mwenyewe, nami nikakaa barazani kumngoja.

Bibi ndiye aliyenilea. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kisimani, na njia ya kisimani ilipita kando ya shamba la jirani. Huyu jirani alikuwa ameleta miche ya ndizi kutoka Tanga, zile ndizi ndefu nene ziitwazo mkono wa tembo, ambazo moja tu humshibisha mtu mzima. Bibi alizipika kwa tui zito. Mpaka leo nikisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza, tumbo langu linadhani ni alasiri ya Ramadhani. Jirani alikuwa akileta ndizi, bibi anarudisha sahani na kaimati au samaki wa kupaka. Sahani haikurudi tupu hata siku moja. Walikuwa mashoga wa kuazimana hata leso.

Kisha wezi wakaanza kuingia shambani. Jirani akafukia fingo, naye hakulifanya siri. Alikuja kisimani wanawake wakiwa wamejaa, akatangaza kwamba atakayegusa ndizi zake miguu itamvimba. Tangu siku hiyo mimi nilipita pale nimelikunja gauni, nisiguswe na jani. Lakini haukupita muda, mkungu mmoja mkubwa ukaibwa.

Masika yaliyofuata bibi akashikwa na homa na mtoki, uvimbe wa kinenani. Mtoki ukaisha, mguu ukabaki umevimba. Ulikuwa ukishuka kidogo na kupanda zaidi, ngozi ikawa ngumu yenye mikunjo, mpaka kandambili hazikumwingia. Yalikuwa matende. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni kwetu, lakini mguu wa bibi ulikuja baada ya mkungu kuibwa, na watu wakajumlisha.

Hakuna aliyesema neno, na hapo ndipo palipouma. Wanawake kisimani walikuwa wakiniuliza, "Bibi yako hajambo? Mguu ulianza lini vile?" na huku wakitazamana. Muuza duka, ambaye zamani alimwachia bibi ajipimie sukari mwenyewe, sasa alikuwa akisimama kumchunga kila akiingia. Bibi aliyaona yote. "Sikuiba," alikuwa akiniambia nikimkanda, kama kwamba nami nilikuwa nimemuuliza. Naye akamshuku shoga yake, kwamba amelihamisha fingo na kulifukia njiani makusudi. Basi nami kila nikienda kisimani nilikagua udongo, wapi umechimbuliwa upya.

Shuleni mwalimu akatufundisha habari za matende. Alisema ni vijidudu kama nyuzi vinavyoletwa na mbu, na kwamba madaktari wameuita ugonjwa kwa jina la ndovu, kwa vile mguu hufanana na wake. Siku hiyo mwalimu alikuwa na ndovu kichwani. Akatuambia yale majani mapana yanayoota penye majimaji kisimani, majimbi, nayo Wazungu huyaita masikio ya ndovu. Na sange, kale kanyama ka msituni kenye pua ndefu tulikodhani ni panya, kumbe ukoo wake uko karibu na ndovu kuliko panya. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Ndizi ina jina lake, jani lina jina lake, mguu wa bibi una jina lake, na yeye mwenyewe yuko Shimba Hills ametulia anakula miti. Kwa majuma mazima nilimshuku ndovu.

Nilipomweleza bibi habari za mbu, aliniuliza swali moja tu. "Mbu wa hapa ameniuma mimi peke yangu?" Kweli, jirani alikuwa akilala mwendo wa kutupa jiwe na miguu yake ilikuwa mizima.

Wakaja watu wa afya na vidonge. Walikuwa na ufito uliochorwa alama, unasimama nao, wanaangalia urefu wako ndipo wajue vidonge vingapi. Wazee wakarudi nyuma. Kwetu anayepimwa urefu bila kuwa na fundi cherehani karibu ni maiti, anapimiwa sanda. "Mimi nitapimwa mara moja," bibi akasema, "na siku hiyo sitakuwa na habari." Akaondoka. Mimi nilimeza vyangu huku nalia.

Jioni moja jirani akaja mpaka kwenye ua. Hakuingia. Bibi alikuwa akichambua mchele.

"Shoga, yamekwisha. Sema tu, uombe radhi, nami nikutegue hilo fingo."

Bibi hakuinua macho. "Unitegue nini? Nikiteguliwa, nimeiba."

"Mguu utakuua."

"Na uniue. Nizikwe nao, nisizikwe na jina la mwizi."

Sahani zikakoma. Ramadhani ile nilikuwa nikikaa uani nikiutazama upenyo ulioko kwenye ua, nikingoja mkono upite na ndizi, na haukupita. Muuguzi wa zahanati alimfundisha bibi kuosha mguu kwa sabuni kila siku, nami nilikuwa nikimfuta katikati ya vidole kwa leso kuukuu. Ulipungua kidogo, haukupona. Alikufa nao. Matangani nilikuwa nikipita na birika la kahawa, na kila mnong'ono niliosikia niliushuku.

Basi ndiye huyo jirani aliyekuwa akija sasa, mkongojo mkononi, dera likiburura chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaiona chupa, akawatazama mafundi. "Ndiyo mmeacha kazi kwa hii?" Akafungua kitambaa, akaipindua. Ukamwagika mchanga. Mchanga mweupe wa ufuoni, basi.

"Nilichota mwenyewe," akasema. "Mganga alitaka kuchinjiwa beberu, nami ningemtoa wapi?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikamsogelea.

"Ulipokuja kumtegua bibi ulijua ni mchanga?"

"Nilijua. Lakini nilipouona mguu wake niliogopa. Nikasema labda ameiba kweli, na Mungu ameutumia mchanga wangu."

"Kisha?"

Akapandisha dera kidogo. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba, ngozi ile ile, mikunjo ile ile niliyokuwa nikiifuta kwa leso.

"Kisha ukanijia na mimi. Nikavaa marefu."

"Bibi alikuwa hai?"

Akalishusha dera. "Alikuwa hai."

Nilitaka kumtukana, Mungu anisamehe, mtu mzima kama yule. Wanawake wa kisimani, wengine wamekufa, wengine wamefuata wana wao Ukunda na Likoni. Kisima kimefukiwa, maji yanakuja kwa bomba. Muuza duka ni marehemu. Migomba imeng'olewa, hakuna hata chipukizi. Sikuona tena wa kuambiwa, ila sikuweza kumwacha aende hivi hivi.

"Basi liseme hilo, mama. Kwa sauti."

Akaegemea mkongojo, akawageukia wale vijana, akapaza sauti kama alivyoipaza siku ile kisimani. "Marehemu hakuiba ndizi yangu. Hakuiba kabisa."

Mafundi wakatazamana. Mmoja akauliza, "Nani huyo, mathe?" kisha akainama kuokota jembe lake kabla hajajibiwa.