Bwana Jeilani Alipoliamkia Baraza Tupu

Kwa miaka miwili Bwana Jeilani, mchonga milango wa mtaa wa Langoni, alisifiwa kwa adabu. Kila hatua hamsini husimama akauliza hali ya mtu, ya wanawe, na ya punda wake. Mkewe, Bi Alawiya, aliyekuwa akiletewa kutoka sokoni samaki waliokwisha kulegea kwa kuchelewa, hakusifu chochote.

Asubuhi moja Cherotich, tabibu wa zahanati, alijikuta nyuma ya Bwana Jeilani kichochoroni. Mzee akasimama, akasalimu wanaume watano. Akasimama tena, akamsalimu mmoja. Mara ya tatu alitoa salamu kamili, na rehema na baraka zake, kwa baraza lililokaliwa na paka peke yake. Mkono ulikuwa ukilisugua shavu la mguu wa kulia.

Bahati nzuri mzee alikuwa akienda zahanati hiyo hiyo kuchukua dawa za presha.

"Mzee, vua makubazi," Cherotich alimwambia walipofika.

"Mwanangu, presha yangu iko mkononi."

"Leo tunaitafuta chini."

Akavua kama anayevuliwa kanzu sokoni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa na kidonda cha miezi miwili. Cherotich akapapasa juu ya nyayo zote mbili: kushoto mshipa ulidunda, kulia kimya. Akafunga kipimo cha presha mkononi, kisha kifundoni mwa mguu, akaweka kimashine kinachosikiliza damu. Mkononi mia na hamsini. Kifundo cha kulia, themanini.

"Mishipa ya mguu huu imeziba. Ndiyo maana ukitembea unauma, ukisimama unatulia. Unavuta sigara ngapi?"

"Chache."

"Ishirini," alisema Bi Alawiya, aliyemfuata mumewe akaketi kwenye benchi la nje. Hakuna aliyemuuliza.

"Na guu hili nikiliwata hivi hivi, bila dawa?" mzee akauliza.

"Kidonda hakitapona. Mguu unaweza kukatwa."

Mzee akautazama. "Guu hili ndilo hushikia mbao nikichonga," alisema polepole.

Bi Alawiya akaingia. "Miaka miwili nakwita mpiga soga. Kwani hungenambia waumwa?"

"Mume amwambie mkewe kuwa sokoni hafiki?"

Bi Alawiya alitia mkono mfukoni mwa mumewe. Akatoa pakiti ya sigara, akaiweka juu ya meza ya Cherotich, akapokea barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kisha akapiga magoti, akamvisha makubazi, la kulia taratibu, asikiguse kidonda.

"Nishike," akasema.

"Watu watatuona, Alawiya."

"Na watuone."

Wakatoka, mkono wa mzee begani kwa mkewe, mchana kweupe, mbele ya Langoni nzima.