Nati Iliyolala Sabato Ndani ya Dizeli

Enzi zetu pale Ikonge, gari likiharibika halikuwa tena la mwenyewe, lilikuwa la mtaa mzima. Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea ndizi, na barabara zetu za mawe ziliila shokabsoba, kile chuma cha kupunguza mtikisiko, kila msimu wa mvua. Hakuipeleka kwa fundi. Aliinua nyuma yake kwa mawe hapo uani, akavua shati, na kabla hajalala chini yake majirani walikuwa wamekwisha kuingia.

Kufungua shokabsoba kuukuu si mchezo. Kutu huishikanisha nati na bolti, na ukizungusha moja, nyingine inazunguka nayo kutwa nzima. Lazima mmoja ashike bolti kwa spana yake, mwingine akaze meno na kuizungusha nati.

Tena Tata alikuwa mtu wa Sabato. Ijumaa jua likielekea kuzama, aliimwagia nati dizeli na oili chafu, akanawa mikono kwa majivu, akasema, "Basi. Acheni chuma nacho kipumzike." Jumamosi tulienda kanisani kwa miguu. Jumapili asubuhi bomba la maji lilichomekwa kwenye spana ili iwe ndefu, wanaume wakavuta, sisi watoto tukining'inia nyuma yao, mpaka nati ilie kama nguruwe na kuachia. Hapo Mama alitoa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na harufu ya dizeli ikachanganyika na ya chai. Mpaka leo naipenda harufu hiyo.

Sisi tuliamini kabisa kwamba chuma hutii amri ya nne, ile ya kuitakasa Sabato. Dada yangu Kwamboka aliwaambia watoto wa jirani, ambao ni Wakatoliki, kuwa baiskeli ya baba yao haitengenezeki kwa sababu huifungua Jumamosi. Baba yao alikuja kulalamika, akapewa spana ashike, akasahau alichokuja kusema.

Leo nimebaki peke yangu katika boma hilo. Tata na Mama wamelala kando ya migomba. Ndugu zangu wako Nairobi na ng'ambo, na walikwisha kukubaliana kwa simu pikapu ya Tata, iliyokwama uani kwa shokabsoba, iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Niliwasihi wanipe mpaka Desemba. Ikitembea, nikawaambia, nitawapokea nayo stendi, mje wote kama zamani. Wakasema sawa, ikitembea.

Basi Ijumaa niliimwagia nati dizeli. Sabato nikakaa kanisani kwenye benchi ambalo zamani tulilijaza sisi tu. Jumapili nikaingia chini ya gari, na nati ikazunguka pamoja na bolti. Nikatoka kutafuta mtu. Mageti ya majirani yana makufuli, wenyewe wako mjini. Kijana mmoja alisimamisha pikipiki, akatoa kitu cha muziki sikioni, akachungulia.

"Mzee, hiyo ni ya kutupa," akaniambia kwa heshima. "Unaitisha ingine kwa simu, inaletwa mpaka hapa."

"Nishikie spana kidogo tu, mwanangu."

"Niko na mteja, mzee. Nitapita baadaye."

Simlaumu. Vijana wa leo wanajua kila kitu kinauzwa wapi. Nilimngoja, hakupita. Upweke sikuwahi kuusikia mwilini namna ile, nimelala chali juu ya ardhi ya nyumbani kwetu.

Mwishowe niliifunga spana moja kwa kamba ya katani kwenye chuma cha gari, nikaikingia jiwe, nikachomeka bomba kwenye ile nyingine, nikavuta mpaka macho yakaingia giza. Ikalia, ikaachia. Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la familia. Kabla sijafuta mikono, madole gumba ya kusifu yalikuwa yamejipanga. Kaka Nyakundi akaandika, "Safi sana, wewe ndiye Tata wa sasa." Kuhusu Desemba, kimya. Zamani bolti ikitoka, watu walikuwa wengi kuliko vikombe. Nilipitia ujumbe wote tangu juu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani alinishikia spana ya pili.