Jibu Nililotoa Bombani

Juzi redio ilitangaza kwamba fuvu jingine limechimbuliwa huko kaskazini, na wataalamu wanasema asili ya binadamu itabidi ielezwe upya. Nikaizima. Ngoja nikwambie sababu.

Makongeni, mtaa wetu wa wafanyakazi wa reli, miaka ya sabini, king'ora cha reli ndicho kilichotuamsha, na jua likichomoza moshi wa makaa na harufu ya dagaa wa omena vilikuwa vimeshajaa katikati ya nyumba. Jirani tuliyepakana naye ukuta alikuwa kibarua wa wachimbaji wa mifupa kule Turkana. Akija likizo alituketisha mlangoni, akatugawia njugu.

"Nimeshika kichwa cha mtu kilichogeuka jiwe, nyinyi! Mzee kuliko vile vitabu vyenu vinasema."

"Alikusalimia?" tulimuuliza, tukaangua kicheko. Naye akacheka.

Mwalimu wetu wa sekondari aliisoma habari hiyo gazetini. Akatuambia kitabu kimepitwa na wakati, mtu ni mkongwe kuliko kinavyodai. "Lakini kwa mtihani," akasema, "andikeni cha kitabu."

Kisha binti mdogo wa jirani akafa kwa surua. Kwa watu wetu wa magharibi, anayeshika mifupa ya wafu asitakaswe huingiza kifo nyumbani. Wazee wakakutana bombani kuamua kama tutakaa matanga naye. Wakaniita, kwa kuwa nilikuwa nasoma sekondari.

"Wewe msomi, hebu tuambie. Kulikuwa na watu zamani hivyo, ama huyu anafukua makaburi ya wenyewe?"

Nilijua ukweli. Lakini baba alikuwa amesimama pale, yeye aliyemwambia kila mtu kwamba mwanawe hakosi swali. Nikajibu la mtihani: "Kitabu kinasema watu wa umri huo hawakuwapo."

"Basi ni makaburi," akasema mzee wa kanisa, akavaa kofia yake.

Mama alikuwa ameshapika sufuria ya maharagwe ya kupeleka matangani. Baba akamkataza. Jioni nilimsikia mke wa jirani akilia ng'ambo ya ukuta, na hakuna mwanamke aliyempokea kilio. Kulipokucha jirani alitoka na jeneza begani, mkewe akimfuata, watoto wakiimba, "Mchimba kaburi! Mchimba kaburi!" Hakuna aliyewanyamazisha. Nami nilikuwa mlangoni, nimevaa sare.

Hawakurudi. Chumba kikapewa wengine.

Wazee wale wote wamekwisha kufa, baba pia. Sina hata mmoja wa kumuuliza mtoto yule alizikwa wapi.