Mbuzi Aliyeamkiwa Shikamoo

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni, mkono mmoja umeshika fungu la mchicha, mwingine simu. Rafiki wa tangu siku za Dubai aliniambia kwa kifupi kwamba mama yetu wa Ijumaa amefariki usingizini, nyumbani kwake Upare, na mazishi ni keshokutwa. Nilirudisha mchicha, nikakaa juu ya gunia la viazi la mwenye genge, ambaye kwa huruma yake hakunifukuza. Nililia kidogo. Halafu, wasomaji wangu mtanisamehe, nikaanza kucheka peke yangu hadi mwenye genge akaniuliza kama nina mgonjwa wa akili katika ukoo. Nilikuwa nimemkumbuka marehemu na mbuzi wake.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mapumziko ya Dubai yalikuwa Ijumaa, kiasi kwamba hata sisi Wakristo tulisali Jumapili yetu siku hiyo ya Ijumaa. Tukitoka ibadani tulikwenda Jumeirah Lakes Towers, ghorofa ya juu kabisa ya mnara mmoja, ambako marehemu alikuwa mpishi wa madam mmoja mjane, mzaliwa wa nchi ya milima mirefu huko Ulaya. Madam alituachia jiko siku nzima, akawa anapita kuonja. Mimi nilitoka Jebel Ali, nilikokuwa karani wa ghala, na siku yangu ya kwanza niliingia kwa adabu zote nikasema, "Shikamoo, mama." Akaweka mwiko chini. "Shikamoo ya nini? Hebu geuka." Nikageuka kama mtu anayepimwa suti. Akanitazama kisogo, kisha akacheka. "Ndevu umezipaka rangi, baba, lakini shingo umeisahau. Wewe ni kaka yangu. Shikamoo!" Jiko zima likaangua kicheko. Nikabisha. Tukatoa vitambulisho, na kweli, nilikuwa nimemzidi. Nikaitika marahaba kwa shingo upande, shingo hiyohiyo.

Msomaji wa Kitanzania anaijua hesabu hii, ndiyo maana sina haja ya kuieleza sana. Mtu akitokea mbele yako una nafasi ya pumzi moja tu kuamua kama ni wa shikamoo au ni wa mambo vipi. Ukimwamkia binti wa miaka thelathini, umemtukana. Usipomwamkia mjomba wa mwenzako, umewatukana wazazi wako. Kwa hiyo tunatazama mwendo, magoti, jinsi mtu anavyokaa kitini, na midomo inaamua yenyewe kabla kichwa hakijamaliza. Rafiki yetu Mkenya, mlinzi wa mnara wa jirani, alikuwa akitucheka. "Nyinyi watu wa Bongo mnasalimiana kama mnafanya mtihani!" Na kweli ni mtihani.

Sasa mbuzi. Kila Oktoba madam alirudi kwao kuwinda mbuzi wa milimani, mnyama mwepesi mwenye pembe mbili fupi zinazopanda wima kisha kujikunja nyuma kama ndoana, uso mweupe wenye mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni. Alimchukua marehemu ili ampikie, na marehemu, mtoto wa milima aliyechoshwa na viyoyozi, akawa haachi kupanda naye. Desturi ya huko ni ngumu. Aliye katika nguvu zake haguswi. Anayewindwa ni mzee, aliyekwisha kuzaa na kuachia wengine nafasi. Basi mwindaji halisi hujulikana kwa kukadiria umri tu, na kukadiria kwenyewe ni kwa mbali, ng'ambo ya bonde. Marehemu alilalamika tangu siku ya kwanza: "Kwetu umri wa mbuzi uko mdomoni, unamfungua unahesabu meno. Huyu nitamfungua vipi na yuko kule angani?"

Mwaka mmoja wakaona dume lenye pembe kubwa kuliko zote. Madam akasita. Marehemu, kwa elimu ya zizi la baba yake, akamnong'oneza, "Piga, madam, hilo ndilo beberu la ukoo!" Madam akapiga. Loo! Walipofika wakakuta kijana wa miaka minne. Kumbe pembe za mnyama yule hukua mbio ujanani, kisha kila mwaka zinaongeza mstari mwembamba tu kwenye shina, kwa hiyo pembe kubwa haikuambii chochote kuhusu uzee. Kaka wawili wa madam hawakumficha walichofikiri. Walisema macho yamekwisha, miguu imekwisha, umri umemshinda. Akikosea tena, nafasi yake ya kuwinda mlimani itakwenda kwa mpwa wao, na yeye abaki Dubai akicheza karata. Marehemu alitusimulia hayo Ijumaa iliyofuata, machozi yakidondokea ndani ya sufuria ya maharage. "Mimi ndiye niliyemponza. Mlima ule ndio kitu pekee alichobaki nacho tangu azike mumewe. Na mimi jamani, pale ndipo ninapopumua."

Mwaka mzima uliofuata aligeuka kero. Ukipanda naye metro ya laini nyekundu anakukanyaga mguu: "Yule aliyeshika nguzo, mkubwa au mdogo? Usitazame nywele, nywele zinapakwa. Tazama anavyoshuka ngazi." Alifanya hivyo Ras Al Khor kwa mafundi magari, akafanya kanisani wakati wa sadaka. Madam naye alijifungia na picha za wanyama wake, akisoma mistari ya uso namna inavyofifia kwa uzee. Jioni walikaa wawili mezani wakibishana juu ya matumbo ya mbuzi yanavyolegea uzeeni, na sahani hazijaoshwa.

Oktoba ikafika. Asubuhi yenye jua wamelala kifudifudi juu ya mwamba: madam na bunduki, kaka yake mkubwa na darubini, marehemu na chupa ya chai. Ng'ambo likatokea dume lenye pembe za kutamanisha, mistari ya uso myeusi tii, likikimbizana na majike. Kaka akanyamaza makusudi, amtazame dada yake atakosea au la. Madam akaiweka bunduki begani, akaishusha. "Huyo bado mtoto," akasema mwenyewe. Marehemu akaomba darubini. Pembeni kabisa, chini ya jiwe, peke yake, alisimama mwingine ambaye hakuna aliyekuwa amemjali. Pembe zake za kawaida, moja imekatika ncha. Mistari ya uso imepauka kama chai ya maziwa mengi. Mgongo umebonyea, tumbo limening'inia, na kabla ya kila hatua anaitazama kwanza ardhi, kisha anaweka mguu kama mwenye nyumba. Marehemu alisema hakupanga. Mdomo ulijisemea: "Shikamoo."

Madam, aliyekuwa amelisikia neno hilo Ijumaa zote mlangoni pa jiko lake, aligeuka. "Shikamoo?" "Shikamoo kabisa, madam. Siwezi kumpita huyu bila kumwamkia." Kaka akasema hana hakika, ule mwili ungeweza kuwa wa jike. Madam akachukua darubini, akatazama muda mrefu, shingo, paji la uso, shingo tena. Kisha akasema, "Ni dume, na ni mzee," akapiga risasi moja.

Ilibidi wavuke bonde zima, na madam, aliyeambiwa umri umemshinda, na mpishi wake walifika kabla ya kaka. Kaka akaja akihema, akapiga goti, akapitisha ukucha kwenye shina la pembe, mstari kwa mstari, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba akavua kofia. Hakuna katika ukoo wao aliyewahi kupata mzee namna ile. Akavunja kitawi cha msonobari, akampa dada yake kwa mikono miwili, maana ndivyo wanavyompongeza mwindaji huko. Madam akakikata katikati, nusu akachomeka kwenye kofia yake, nusu kwenye kilemba cha mpishi wake. Wakashuka mlimani marehemu akiimba mapambio ya Kipare kwa sauti ya kuamsha mawe, na madam akiitikia asichokijua.

Alipotusimulia tulipiga vigelegele mpaka walinzi wakapanda kuuliza kulikoni. Mkenya wetu akauliza, "Lakini Mum, kwani ulienda kuwinda ama kusalimiana?" Akajibu, "Vyote viwili, mwanangu, na vyote nimeshinda!" Mpwa hakupewa mlima. Alipewa mkoba wa kubeba, akaubeba miaka yote iliyobaki, mpaka madam alipofunga nyumba ya Dubai na marehemu akarudi kwao.

Nilikaa katika mji ule ambao mtu akifika sitini anaambiwa khalas, kazi imekwisha, na niliwaona wanaume wazima wakijificha chooni kupaka nywele rangi ili mwaka mmoja zaidi upatikane. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tumeleta tabia hiyo hadi nyumbani, tunaona uzee kama deni. Juzi jirani yangu alikuja kunipa pole, akanifariji kwa maneno tunayoyasema sote: "Si alikuwa mtu mzima? Amekula chumvi nyingi." Alidhani ananipunguzia uchungu. Nikamsimulia ya mbuzi, kisha nikamwambia, jirani, yule mbuzi theluji kumi na saba zilimkosa, mawe yalimkosa, madume yenye nguvu yalimpiga na hayakummaliza, ndiyo maana mtu alimvulia kofia. Mama huyu alivuka malaria, ujane, bahari na majiko ya watu, akazeeka, akafa kitandani pake mwenyewe. Wengi wanaitafuta heshima hiyo na hawaipati. Pole yako nimeipokea, nikamwambia, ila ukipita kwa wanawe Upare, wape na hongera.