Nilimkalisha Mapema

Sharti la nasari ya kambi yetu ya wachuna chai lilikuwa moja, na halikuandikwa popote: mtoto awe anakaa mwenyewe. Mlezi, mwanamke mnene wa aproni ya bluu, alimpokea mtoto mlangoni, akamweka mkekani, akarudi nyuma hatua mbili na kumtazama. Aliyebaki wima aliingia. Aliyeanguka alirudishwa kwa mama yake, na mama akajua siku hiyo hana kazi. Sikumlaumu mlezi. Alikuwa peke yake na chumba kizima cha watoto, na asingeweza kuwabeba wote.

Wangu alikuwa na miezi mitatu. Hakuwa akikaa, na hakuwa na sababu ya kukaa.

Nilikuwa nachuna chai katika shamba kubwa, mwendo mfupi kutoka Mogogosiek, na likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha. Baba ya mtoto alikuwa Narok akilinda ngano ya watu, anarudi mara moja kwa mwezi. Majirani zangu wote wa kambini walikuwa shambani tangu alfajiri. Kumfunga mgongoni nikachune naye kulikatazwa, kwa sababu wanaonunua chai ng'ambo hawataki kusikia kuna mtoto kati ya majani. Wana huruma sana na watoto, hao wanunuzi. Tatizo ni kwamba hawakutuambia tuwaweke wapi.

Tena kulikuwa na mashine. Watu wawili huishika huku na huku, wanaipitisha juu ya majani, na kabla ya chai ya saa nne wamemaliza kazi ya wanawake wengi wenye vikapu. Kila mwenye macho aliona kwamba atakayebaki ni yule atakayeshika mashine. Nafasi moja ya mwanamke ilitokea, na msimamizi akaniita.

"Mama, mimi sikufukuzi," aliniambia. "Lakini mashine inaanza Jumatatu. Ukikosa, kuna vijana wanangoja hapo kwa geti. Na wewe unajua mashine haizai."

Ilikuwa Jumanne. Jioni hiyo nilichukua jembe.

Kwetu Wakipsigis mtoto hufundishwa kukaa. Unachimba shimo dogo, unalitandika blanketi, unamkalisha humo ili ardhi imshike kiuno. Huwa ni mwezi wa tano, shingo ikishakaza. Mimi nilichimba chini ya upenu, nyuma ya jiko, maana mvua ya huku haikosi mchana, nikampigia simu mama mkwe wangu, anayekaa karibu na Chepilat, nimuulize kina chake.

"Ako na miezi ngapi?" aliuliza.

"Tatu, mama."

"Huyo bado ni maji. Ngoja wa tano. Na usimwache hapo peke yake. Hiyo shimo si ya mtoto, ni ya watu kukaa na yeye. Mtoto anakaa kwa sababu anaona nyinyi mmekaa."

"Sina mwezi wa tano, mama. Niko na Jumatatu."

"Basi mlete huku kwangu."

"Nikimleta atanyonya nini?"

Alisema tutaomba, na najua aliomba kweli.

Siku zile nne sipendi kuzikumbuka. Nilimweka shimoni asubuhi, adhuhuri na jioni. Alipinda upande kama nguo iliyoloa. Nikamwinua, akapinda tena. Kulikuwa na maji ya kuchota na nguo za kufua, na mimi ni mmoja, kwa hiyo nilimpachika hapo na blanketi pande zote nikaenda zangu. Alilia hadi sauti ikakauka. Siku ya Ijumaa nilimfokea. Nilimfokea mtoto wa miezi mitatu kwa kutokuwa na mgongo wa mtu mzima, kisha nikaketi matopeni nikalia kumshinda yeye.

Jumapili ilikuwa wazi kwamba hawezi. Nilichukua katoni ya sabuni, nikakata kipande, nikakifunga mgongoni pake kwa leso, nikamvalisha sweta mbili juu yake.

Asubuhi mlezi alimpokea. Mkono wake ulipita mgongoni na ukasimama pale. Alijua. Alinitazama usoni, mimi nikatazama viatu vyangu vya mpira. Kisha akamweka mkekani taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Mtoto wangu alibaki wima, macho makubwa, midomo ikitetemeka.

"Huyu anakaa," alisema. "Enda, wenzako wanakuacha."

Sijui hadi leo kama alinitendea wema au dhambi. Mimi nilikimbia.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kazi niliipata, na niliifanya vizuri, sitajifanya mnyonge hapa. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nafundisha wengine kushika mashine, wanaume kwa wanawake. Tulipokuwa karibu na kambi, saa nne nilikimbia kumnyonyesha. Tulipokuwa mbali, maziwa yalinilowesha blauzi chini ya koti la mvua na nikaendelea kutembea. Jioni nilimkuta mahali nilipomwacha, safi, ameshiba, kimya.

"Wako hana shida," mlezi aliniambia. "Ukimweka hapa, ni hapo hapo. Hawa wengine wanalilia mama mpaka mchana. Yeye hata hauliziangi."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Niliwaringia wenzangu mashineni kwamba nimezaa mtoto mpole. Nilipofika jioni, watoto wengine waliruka kwenye sketi za mama zao; wangu alisimama pembeni akingoja kuambiwa twende. Nilidhani ni adabu.

Kisha mashine nyingine ikaja, kubwa, ya kuendeshwa kama trekta, na mtu mmoja juu yake. Sisi wa mashine za mkono tuliitwa ofisini kwa zamu, tukashukuriwa. Msimamizi aliyeniambia mashine haizai naye alishukuriwa siku hiyo hiyo. Tulihama kambini, tukarudi Chepilat kwa mama mkwe.

Sasa niko nyumbani kutwa nzima. Mtoto anakaribia miaka minne. Muda nilioulilia katika umande wa shamba la chai ninao wote, na sijui niutie wapi. Nikimwita chakula, anakuja. Nikimwambia akae, anakaa. Nikimkumbatia anavumilia, mikono yake ikiwa imening'inia, mpaka nimalize. Mama mkwe wangu huona na hasemi kitu, na ningependa aseme, hata anitukane.

Wiki iliyopita nilikuwa napalilia sukumawiki, yeye akicheza kando ya ua wa seng'enge. Nilipogeuka nilimwona amechuchumaa, amenipa mgongo, anafuta mguu wake kwa majani. Anafuta, anachuma mengine, anafuta tena. Nilisogea. Waya ulikuwa umempasua chini ya goti, damu imefika kwenye kandambili. Hakuwa ametoa hata sauti. Nilikuwa mbali naye labda hatua sita.

Nilipiga magoti, nikaukamata mguu.

"Mbona hukuniita?" nilimuuliza. "Ukiumia unaita mama. Mbona hukuita mama?"

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayeelezwa jambo geni, akafikiri kidogo.

"Mama ako kazi," akasema, kisha akarudi kufuta mguu wake.