Mama Mkwe na Mti wa Tisa

Mama mkwe wangu anagonga miti. Usicheke, manispaa inamlipa. Anatembea na nyundo ya mbao, anagonga shina, anatega sikio, kisha anasema: huu mzima, huu umeoza, huu una mchwa. Mimi ndiye mwenye msumeno wa injini. Bila neno lake siwashi kitu, na mtu mwenye hasira kama mimi kungoja neno la mkwe, we acha tu.

Hakusomea. Alianza mfagiaji, miaka kumi na minane anazoa majani ya mijohoro barabara ya zahanati. Anasema ukifagia chini ya mti kila siku unaujua kama jirani, hata akiumwa hakufichi. Siku moja akamwambia bwana misitu, "Tawi lile halifiki Ijumaa." Bwana misitu akacheka. Jumatano likalala juu ya gari lake. Wiki ya pili yake mama akapewa buti, koti na daftari. Leo daftari ni la saba, na miti ya mji mzima imo, na magonjwa yake.

Sasa sikia ya juzi.

Aliniambia, "Mkwe, pale zahanati wa tisa umekuwa pango. Utie alama nyekundu, kesho tuuangushe." Nikatia msalaba mkubwa, hata kipofu angeuona. Kesho yake asubuhi tukafunga barabara, ruhusa mwisho saa sita. Wenzangu wawili wameshika kamba, bwana misitu kasimama kando anasimamia. Nimevuta injini imenguruma, damu inanichemka kwa raha, mara namwona mama anakuja mbio. Na yule mama hakimbii hata mvua!

"Zima hiyo!"

Mwingine angenifokea hivyo angesikia matusi ya stendi. Mkwe ni mkwe. Nikazima.

Akagonga. Ko, ko, ko. "Mti mzima kama mlango wa benki huu! Nani katia rangi?"

"Si wa tisa, mama? Nimehesabu mwenyewe. Ina maana hata moja mpaka tisa nimefeli?"

"Umeanzia wapi?"

"Upande wa sokoni."

"Mimi naanzia zahanati, baba! Zahanati!"

Tukageuka wote. Wa tisa kutoka zahanati umesimama kule mbele, na chini yake kuna benchi. Siku yenyewe ya kupima watoto. Kina mama kama kumi, na watoto mapajani, na upepo ndiyo kwanza unaamka.

Bwana misitu akatoa karatasi. "Kibali kinasema mti wenye alama. Kateni huu. Ule tutauombea kibali wiki ijayo."

Ningeweza kunyamaza. Alama ni alama, nani angejua nimeanzia wapi? Na kibarua nakitaka. Lakini nikapandwa na hasira.

"Wiki ijayo utakuja na majeneza, bosi?"

"Kijana, chunga mdomo."

"Sichungi! Rangi nimetia mimi, nimekosea mimi, niandike! Ila ule unaanguka leo!"

Nikaubeba msumeno begani, mbio. Mama nyuma yangu, wenye kamba nyuma yake. Akafika akagonga: bu. Bu. Kama pipa tupu.

"We mama, unabisha hodi nani akufungulie?" mmoja wa kina mama akauliza.

"Kifo, mwanangu. Inuka."

Walivyoinuka! Benchi wakaondoka nalo. Bwana misitu mwenyewe, karatasi kaibana kwapani, anawasogeza watu kama kondakta. "Nyuma! Nyuma zaidi!"

Nikaingiza msumeno. Unga ukatoka mweusi, umelowa kama ugoro. Sijafika hata nusu mti ukalia, krrr, nikaruka, wenzangu wakavuta kamba kwa nguvu zote, ukalala barabarani, puu! Vumbi likatufunika. Lilipotua, kina mama wakapiga vigelegele kama vile mtu kaoa. Mmoja akaingia ndani ya shina na mtoto wake, wakaenea wote wawili. Mbao nzima iliyobaki pembeni ilikuwa upana wa vidole vinne. Nilicheka peke yangu.

Bwana misitu akatoa kalamu. "Haya. Nani alitia alama?"

"Mimi. Nimeshasema."

"Na mimi niandike," mama akasema. "Nilimwambia wa tisa, sikumwambia kutoka wapi. Mkubwa wa kazi ni nani hapa?"

"Mama, hii ni barua ya onyo."

"Kwani nimesema ni kadi ya harusi? Andika."

Zilikuja mbili, bahasha moja. Mke wangu alizisoma kwa sauti, ya mume wake, kisha ya mama yake, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akazibandika ukutani juu ya redio, na mgeni yeyote akiingia lazima asomewe zote.