Kuondoa Msiba Kwenye Foleni ya Mahindi

Amri ya kwanza mume wangu aliishangilia. Gari la matangazo lilipita kambini likisema mkimbizi haruhusiwi kuwa na pikipiki, kwa sababu za usalama, naye akatoka nje akapiga makofi. Siku ya Pasaka vijana wa bodaboda walikuwa wamemrushia matope kwenye suruali yake nyeupe. "Mungu anajibu," alisema. Sisi hatukuwa na pikipiki, kwa hiyo hatukuona ubaya wowote.

Amri ya pili ilikuwa ya baiskeli. Hapo Mungu akaacha kujibu. Mume wangu alikuwa akienda na baiskeli hadi kijiji cha Murungu kununua ndizi kwa Waha, wenyeji wa huku, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Aliifungua vipande vipande akaificha, gurudumu moja akalitundika nyuma ya nyumba tuanikie nguo. Likafuata soko, likafungwa. Halafu maduka ya ndani, halafu kutoka kwenda kutafuta kuni, halafu vibarua vya kulima, halafu kukusanyika bila kibali, halafu kupika pombe. Kila amri ilikuja peke yake, imechana nywele, ina sababu yake mkononi: moto, wizi, magonjwa. Ukizitazama moja moja, huna la kugombana nazo. Mume wangu alikuwa akisikia kipaza sauti anauliza, "Leo wamekumbuka tunafanya nini?" Mara moja alimwambia mwenyekiti wa zoni kwamba yeye amebakiwa na kukohoa tu, na kama kunahitaji kibali, aandikiwe mapema.

Na kweli alikuwa anakohoa. Tulimzika wakati wa mvua.

Sasa, kwetu sisi watu wa Burundi, kuzika ni nusu ya kazi. Mnazika, mnanawa mikono, mnakaa na msiba. Halafu siku moja ndugu wa marehemu anawaita watu, mnakunywa pombe ya ndizi kutoka chombo kimoja, naye anatamka kwamba msiba umeondoka. Kuganduka, tunaita. Kabla ya hapo mjane haolewi, na watoto wake hawaoi wala hawaolewi. Binti yangu alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa kambi ya upande wa Kasulu, kijana mwenye subira, lakini subira nayo huchoka. Na mwenye haki ya kutamka alikuwa mmoja tu, kaka wa mume wangu, ambaye alikuwa amejiandikisha kurudi Burundi kwa hiari. Hiari hiyo ilimjia baada ya duka lake kufungwa.

"Shemeji," aliniambia, "mabasi yanaondoka mwisho wa mwezi. Nikishavuka mpaka pale Manyovu, hamna wa kuwafungua."

"Basi tamka hapahapa tumalize."

"Bila pombe? Kwa kaka yangu yule? Atanifuata ndani ya basi."

Nyuma ya nyumba nilikuwa na migomba michache. Nilichimba shimo jikoni la kuivishia ndizi, nikalifunika kwa majani na udongo. Jirani akachungulia.

"Mama, unazika mwingine?"

"Panya."

"Panya gani wa shimo hilo?"

Nilimwahidi kikombe, naye akakubali kwamba ni panya.

Pombe ikaiva vizuri. Shida ikawa watu. Kibali cha mkusanyiko lazima useme mnakusanyika kufanya nini, na tulichotaka kufanya kilikuwa marufuku. Shemeji aliwaza, akacheka peke yake. "Kuna mkusanyiko mmoja hawajaukataza," alisema. "Foleni ya mgao wa mahindi. Ule usipokwenda, wanakutafuta wao."

Kwa hiyo siku ya mgao ukoo mzima ulisimama pamoja, kila mtu na gunia lake. Pombe ilikuwa kwenye dumu la mafuta la njano, na mrija wa tete umechomekwa mdomoni mwake. Dumu likapita mkono kwa mkono. Lilipofika kwa shangazi wa mume wangu, likakwama.

"Shangazi, huu ni msiba, si harusi!" shemeji alimkemea.

"Msiba wa mtu mzuri hauharakishwi," alisema, akarudi kwenye mrija.

Mlinzi wa foleni, mkimbizi mwenzetu, akaja. "Dumu lina nini?"

"Dawa ya kikohozi," shangazi alijibu.

Alinusa. Akatutazama, ukoo mzima na pua ileile moja. "Nani amekufa?"

"Mume wangu," nikasema.

Alichuchumaa kana kwamba anafunga kamba za viatu, akavuta mrija, akainuka. "Haya, harakisheni. Wanakaribia kufungua."

Shemeji akavua kofia. "Kuanzia leo msiba umeondoka," alisema. "Mjane aolewe akitaka, watoto waoe na waolewe, na kila mtu arudi shambani kwake."

Shangazi akauliza, "Shamba lipi, mwanangu? Lina kibali?"

Watu walicheka mpaka foleni ikapinda. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike, na kicheko kikanigeukia kuwa kilio katikati. Maneno yale yangekuwa ya mume wangu, na angeyarudia mpaka yakaharibika.

Binti yangu alinisukuma begani kutoka nyuma.

"Mama, sogea. Umeshafunguliwa. Sogea, watatupita."

Nikajifuta uso kwa gunia, nikasogea.